Wanafunzi Waendapo Msituni

Ayubu, katika sura ya 12, aliwatuma rafiki zake kwa wanyama na ndege wakafundishwe. Leo twende pamoja na wanafunzi hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi.

Vijana wengi wa vijiji vya jirani wanaujua kwa kuni na fito tu. Tusiwalaumu, mtoto huliona lile alilotumwa kulichukua. Lakini akiingia na mwongozaji, huambiwa anyamaze, kisha ainame. Katika majani makavu hukaa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na rangi ya manjano kiunoni, ambaye katika dunia nzima hupatikana pwani ya Kenya tu. Hula wadudu walio chini ya majani hayo, na kwa majani hayo hayo hujifanyia kiota. Miti ikikatwa, majani hayaanguki. Wadudu hupungua, na sange hukosa chakula na nyumba pia. Somo la ekolojia, yaani jinsi viumbe vinavyotegemeana, limo humo lote, bila ubao wala chaki.

Kazi ya kuongoza wageni nayo haitoshi kukariri majina. Mwongozaji husoma udongo kwanza. Penye mchanga mweupe husimama mirihi. Penye udongo mwekundu kuna kichaka kizito cha miti mingine, na humo ndimo alimo bundi wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 tu, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1965. Ukimtafuta kwenye mchanga utazunguka bure hata kuche.

Je, mzazi asiye na karo afanyeje? Ukimwambia ndege ni mzuri, atakutazama tu, na ana haki. Ndiyo maana napenda mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kuhifadhi viumbe: fedha za wageni wanaokuja kutazama ndege na mikoko katika hori ya Mida husaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari waishio karibu na msitu. Hapo mti uliosimama unamletea mtoto kitabu.

Tena kuna kwera wa Clarke, ndege wa manjano na nyeusi wa Kilifi peke yake. Huonekana Sokoke kwa makundi, lakini kiota chake hakikujulikana mpaka mwaka 2013, kilipopatikana katika kinamasi cha mvua huko Dakatcha, upande wa Malindi. Basi ulinzi wa Sokoke peke yake haumtoshi. Na Dakatcha si msitu wa serikali. Sehemu kubwa ni ardhi ya wenyeji, ambako miti hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi.