Simbilisi Anapougua Tumbo: Uuguzi wa Nyumbani na Viumbe Tusiowaona

Miongoni mwa wanyama wadogo wafugwao katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, simbilisi ana nafasi yake ya pekee. Hahitaji zizi wala malisho mapana. Hula majani, hukaa jikoni au katika kibanda kidogo, na mara nyingi huwa mali ya watoto na akina mama. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 59 hadi 72, kisha huzaa watoto wawili, watatu au wanne, ambao huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyo wazi. Kwa mwanafunzi wa sekondari, jike mmoja na dume mmoja waweza kuwa mwanzo wa kujinunulia daftari na kalamu bila kumwendea mzazi. Kwa hiyo simbilisi anapojikunyata pembeni na kukataa chakula, hasara inayomkabili mwenyewe si ndogo.

Makala haya yanaeleza ugonjwa wa tumbo wa mnyama huyu, sababu zake, na namna ya kumwuguza nyumbani. Yafaa msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: tumboni mwa simbilisi mnaishi viumbe wengine wadogo mno, na uhai wake unawategemea. Anayemwuguza simbilisi hana budi kuwatunza na viumbe hao.

Jamaa wa milima ya Andes

Simbilisi, ambaye jina lake la kisayansi ni Cavia porcellus, ana asili ya milima ya Andes katika Amerika ya Kusini. Huko watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Anaye jamaa wa milima hiyo hiyo aitwaye chinchila, mwenye manyoya mororo sana, ambaye katika nchi za Ulaya na Marekani hufugwa majumbani kwa mapenzi tu, kama sisi tufugavyo paka. Wote wawili ni wanyama wagugunao, na matumbo yao hufanya kazi kwa namna moja. Wote wawili pia huumia katika joto kali.

Sasa tuseme mwanafunzi wa Mbugani, wilayani Kyela, amepewa simbilisi wawili na shangazi yake wa Tukuyu. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwenye takriban mita 500 tu. Kwa safari ya saa chache wanyama hawa wametoka kwenye ubaridi na kuingia kwenye joto. Wameacha majani waliyoyazoea, na huenda jioni ile ile wakapewa pumba za mpunga, kwa kuwa mpunga ndio zao la bondeni. Baada ya siku mbili, mmoja wao hali tena. Kumetokea nini?

Tumbo lilivyo

Majani yamejengwa kwa nyuzinyuzi za selulosi, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo awezaye kuzivunja kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Ng'ombe hutegemea bakteria na vijidudu wengine walio katika tumbo lake la kwanza. Simbilisi, sungura na chinchila hawana tumbo la namna hiyo. Wao wana mfuko mkubwa ulioziba upande mmoja, uliopo mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Wataalamu huuita sekamu. Katika simbilisi, mfuko huu peke yake waweza kushika zaidi ya nusu ya vitu vyote vilivyomo katika njia ya chakula.

Ndani ya sekamu bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi ambazo mwili wa mnyama huzifyonza na kuzitumia kama nishati. Hutengeneza pia vitamini za kundi B. Ili asipoteze faida hiyo, simbilisi hula tena kinyesi laini kitokacho katika mfuko huu. Watu wengi huliona jambo hilo kuwa uchafu, kumbe ni sehemu ya lishe yake.

Kutokana na maumbile haya yafuata mambo matatu. Kwanza, nyuzinyuzi ndizo zinazousukuma utumbo. Zikipungua, utumbo hulegea na mwishowe husimama. Pili, wanga mwingi, kama ule wa pumba laini au unga wa mahindi, huwalisha bakteria wasiofaa, nao hutoa gesi na sumu. Tatu, simbilisi hawezi kutapika, kwa hiyo gesi na chakula kibaya havina njia ya kurudi juu. Tuongeze kwamba meno yake yote 20 hukua maisha yake yote, na kutafuna majani magumu ndiko kunakoyapunguza. Meno yakirefuka kupita kiasi mnyama hushindwa kutafuna, hata akiwa na njaa.

Dalili

Mfugaji mwangalifu huanza na kinyesi. Punje za simbilisi mzima ni nyingi, zinalingana, na ni kavu kiasi. Zikiwa ndogo, chache au zimekwisha kabisa, utumbo unakaribia kusimama. Zikiwa majimaji, mnyama anaendesha, na hali hiyo ni ya hatari zaidi kwa kuwa maji ya mwili humwishia upesi. Dalili nyingine ni kujikunyata, manyoya kusimama, kusaga meno kwa maumivu, na tumbo kuvimba.

Simbilisi hapaswi kukaa siku nzima bila kula. Mwili unapokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake, na mafuta hayo yakijazana katika ini huliharibu. Hapo mnyama aweza kufa ingawa kilichoanzisha ugonjwa kilikuwa kidogo.

Dawa inayoua

Hapa ndipo huruma inapoweza kugeuka kuwa hatari. Katika nyumba nyingi hupatikana vidonge vilivyosalia baada ya mtu kupona, na ni rahisi kufikiri kwamba ampisilini iliyomponya mtoto kikohozi itamponya na mnyama. Kwa simbilisi fikra hiyo yaweza kuwa hukumu ya kifo.

Historia ya penisilini yatufundisha jambo hili. Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya wanane bakteria wakali. Wanne wasiopewa penisilini walikufa, ilhali wanne waliopewa walikuwa bado hai. Jaribio hilo lilifungua mlango wa tiba mpya kwa binadamu. Lakini mwaka 1943 Dorothy Hamre na wenzake, nchini Marekani, walitangaza kwamba simbilisi walikufa kwa kiasi cha penisilini ambacho panya walikistahimili bila shida. Kama jaribio la Oxford lingalifanywa kwa simbilisi, huenda dawa hiyo ingalidhaniwa kuwa sumu ikaachwa.

Sababu yake ilifahamika baadaye. Penisilini na jamaa zake huua bakteria wema wa sekamu. Nafasi yao hutwaliwa na bakteria aitwaye Clostridium difficile, ambaye hutoa sumu ya kuharibu utumbo. Mnyama huendesha, naye hufa baada ya siku chache. Ampisilini, amoksisilini, linkomisini na erithromisini zina hatari hiyo hiyo, hasa zikipitishwa kinywani. Zipo dawa nyingine ambazo simbilisi huzivumilia, lakini kuzichagua na kuzipima ni kazi ya daktari wa mifugo.

Uuguzi wa nyumbani

Mwuguzi na aanze kwa kumtenga mgonjwa mahali pakavu, penye kivuli na hewa. Bondeni Kyela, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, kibanda cha bati kilicho juani humwua hata simbilisi mzima. Asitengwe mbali na wenzake kiasi cha kutowasikia, maana simbilisi huishi kwa kundi, na upweke humpunguzia hamu ya kula.

Pili, ampime uzito kwa mizani ya duka au ya maabara ya shule, kila siku kwa saa ile ile. Simbilisi wa gramu 600 aliyepungua gramu 60, yaani sehemu moja ya kumi, yumo hatarini.

Tatu, amguse tumbo kwa upole. Likiwa limekaza kama ngoma, asimlazimishe kula. Hapo ni lazima kumwona daktari wa mifugo bila kukawia. Likiwa laini, kulisha kwaweza kuanza.

Chakula cha mgonjwa ni uji wa majani. Majani makavu yaliyo safi hutwangwa kinuni, huchekechwa, kisha unga wake hulowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka uji uweze kupita katika bomba la sindano. Sindano yenyewe huondolewa kabisa. Mnyama hushikwa akiwa amekaa wima, wala halazwi chali. Ncha ya bomba huingizwa kwa pembeni, kwenye pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, na uji husukumwa mililita moja tu kwa mara moja. Angoje mnyama atafune na kumeza kabla ya kuongeza, kwani uji ukiingia mapafuni humletea nimonia.

Kiasi kifaacho ni takriban mililita 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mgonjwa wetu wa gramu 600 atahitaji mililita 36, yaani milo sita ya mililita sita. Mlo mmoja uwe usiku, maana simbilisi halali usiku kucha. Maji safi na majani makavu yawe mbele yake wakati wote. Akiwa anaendesha, aweza kupewa matone ya maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa pakiti ile ile wapewayo watoto wanaoharisha.

Baadhi ya madaktari wa mifugo huchanganya katika uji huo kinyesi kidogo kibichi cha simbilisi aliye mzima. Msomaji aliyetufuata hadi hapa ataelewa shabaha yake: ni kupanda upya bakteria wema katika shamba lililoharibika.

Hesabu ya vitamini C

Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waligundua kwamba simbilisi wakilishwa nafaka peke yake hupata kiseyeye, kama mabaharia wa zamani walivyokipata. Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa kwa wiki mbili hivi viungo huanza kuuma, vidonda haviponi, na hamu ya kula hupotea. Kwa hiyo kiseyeye chaweza kufuatana na ugonjwa wa tumbo, au kuwa chanzo chake.

Mgonjwa huhitaji hadi miligramu 50 kwa kilo kwa siku. Kwa gramu 600 ni miligramu 30. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini hii, kwa hiyo gramu 15 za pera zatosha. Chungwa lina takriban miligramu 50 katika gramu 100. Ingetakiwa kumpa gramu 60, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake mwenyewe, pamoja na sukari yote iliyomo. Pera lashinda. Lipondwe na kutiwa katika uji wakati wa kulisha, wala lisichemshwe, maana moto huiharibu vitamini C.

Kinga

Mvua za Kyela ni nyingi mno, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na hapo majani makavu huwa adimu. Majani mabichi yaliyorundikwa yakiwa na maji hupata joto na kuoza, na mabua ya mpunga yenye ukungu ni sumu. Yafaa kukausha majani kivulini wakati wa kiangazi na kuyahifadhi darini. Majani mabichi na yatandazwe mpaka maji yakauke kabla ya kulishwa. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au zaidi. Majani ya mparachichi, ya viazi mviringo, na ya muhogo mbichi yasipewe kamwe.

Mwuguzi naye ajilinde. Kuharisha kwa simbilisi kwaweza kutokana na bakteria wa Salmonella, ambao huambukiza binadamu pia. Anawe mikono kwa sabuni, na mgonjwa asiwekwe karibu na vyombo vya chakula. Wanyama wawili au watatu wakiugua pamoja, taarifa ipelekwe kwa ofisa mifugo.

Neno kwa walimu

Mwalimu wa biolojia aliye na banda la simbilisi shuleni ana maabara nzima mikononi mwake. Wanafunzi waweza kupima uzito kila wiki na kuchora grafu, kuhesabu punje za kinyesi kabla na baada ya kubadili aina ya majani, na kukokotoa vitamini C ya matunda ya kwao. Wasimpe mnyama njaa wala maradhi kwa ajili ya somo. Mabadiliko ya kawaida ya majira yatawapa mambo ya kutosha kuyaandika. Na siku mnyama atakapougua, mwanafunzi aliyeielewa kazi ya sekamu atakiacha kidonge kabatini, na atachukua kinu na majani makavu.