Clumber Park kwa Baiskeli, Majira ya Baridi

Clumber Park ni milki ya zamani ya kikabaila katika jimbo la Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kilomita chache kutoka mji wa Worksop. Eneo lake ni ekari zaidi ya 3,800 za misitu, malisho, vichaka na ziwa, na liko ndani ya ardhi iliyokuwa msitu wa Sherwood, ule unaotajwa katika hadithi za Robin Hood. Majirani zake ni Welbeck, Thoresby na Worksop Manor. Milki hizi zote zilipata kushikwa na makabaila wenye cheo cha Duke, cheo cha juu kuliko vyote nje ya ukoo wa kifalme, na ni nadra kukuta wakubwa wa namna hiyo wakipakana kwa ukaribu kiasi hicho. Clumber ilikuwa ya Duke wa Newcastle. Ilizungushiwa mipaka mwanzoni mwa karne ya 18 ili iwe mahali pa kuwindia kulungu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kasri lenyewe halipo. Mgeni aliyezoea nyumba za wakubwa wa Kiingereza, zenye vyumba vya dhahabu na picha za mababu ukutani, hapa hana mlango wa kuingia. Kilichobaki ni ardhi na mpango wake: barabara, miti, maji, kanisa na bustani. Vitu hivyo vimetawanyika mbali mbali. Kuvizungukia vyote kwa miguu ni kazi ya kutwa nzima, na ukiwa garini unavipita bila kuviona. Baiskeli ndiyo inayofaa. Njia zimetengenezwa kwa ajili yake, nyingi zikiwa tambarare, na wasio na baiskeli huweza kukodi humo humo. Hata Njia ya 6 ya mtandao wa taifa wa baiskeli hupita ndani ya milki.

Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mchana huo mfupi mara nyingi hauzidi nyuzi 7 za Selsiasi, na alfajiri sakitu huwa imetanda juu ya nyasi na kugandisha madimbwi. Mwendeshaji huvaa glovu nene na nguo mbili tatu, huwasha taa mapema, na hupunguza mwendo penye kivuli, kwa kuwa barafu nyembamba juu ya lami haionekani mpaka tairi iteleze. Pamoja na hayo, huu ndio msimu bora wa kuielewa Clumber. Wakati wa kiangazi majani huziba kila kitu. Yakishapukutika, mistari iliyochorwa na wapanga mandhari wa zamani hujitokeza, na mtu huona kwa nini mti ulipandwa pale na njia ikapindishwa hapa. Ndege nao hubadilishana zamu. Mbayuwayu huwa wamekwenda kusini mwa Afrika tangu vuli, na virukanjia wanaotaga kwenye vichaka vya huku huwa wako Afrika ya kati. Mabata bukini na batamaji ndio wanaotawala ziwa.

Mahali pazuri pa kuanzia ni lango la Apley Head, upande wa kaskazini-mashariki. Hapo huanza safu maarufu ya mitilia, miti mikubwa ya kivuli ya Ulaya. Iko 1,296, imepandwa mistari miwili kila upande wa barabara kwa urefu wa zaidi ya kilomita 3, na hutajwa kuwa safu ndefu kuliko zote za aina yake barani. Ilipandwa karibu mwaka 1840. Mashina mengi yana mkanda mweusi kiunoni, alama ya ulimbo uliopakwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuzuia wadudu wasipande juu kula majani. Mikanda hiyo imedumu zaidi ya miaka 100, na wakati wa baridi huonekana mti kwa mti hadi macho yanapokoma.

Safu hiyo ni ya enzi za Duke wa nne, mtu ambaye wanyonge wa siku zake hawakumpenda, na kwa haki. Alipinga kwa nguvu zote mageuzi ya kupanua haki ya kupiga kura, na wapangaji wake waliochagua mgombea asiyemtaka aliwafukuza katika nyumba zake. Bunge la makabaila lilipoukataa muswada wa mageuzi Oktoba 1831, umati uliteketeza kasri lake la mjini Nottingham. Clumber ilisalimika, kwa kuwa alikuwa ameiwekea silaha na walinzi.

Kasri la Clumber lilijengwa katika karne ya 18 chini ya msanifu Stephen Wright, likitazama maji. Mwaka 1879 moto uliharibu sehemu kubwa, likajengwa upya kwa fahari zaidi. Halafu fedha zikakauka. Lord Francis Hope, ambaye baadaye alikuwa Duke wa nane, alikwisha kufilisika tangu ujana wake, akaiuza almasi ya bluu ya Hope iliyoko sasa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Gharama na kodi ziliposhindikana, kasri lilibomolewa mwaka 1938 na mawe yake kuuzwa kama vifaa vya ujenzi. Leo mipaka ya kuta zake imechorwa ardhini, na mtoto anaweza kuruka kutoka sebuleni hadi maktaba kwa hatua chache.

Kando yake kanisa la Mtakatifu Maria limesimama zima. Lilibuniwa na G. F. Bodley kwa agizo la Duke wa saba, likakamilika mwaka 1889. Ni jengo la mtindo wa Gothiki, la mawe meupe na mekundu, lenye mnara wa mita 50 na ushei: kanisa kuu dogo lililojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake. Mbali kidogo ipo bustani ya mboga ya ekari 4, iliyozungushiwa ukuta wa matofali unaotunza joto, pamoja na nyumba ya vioo yenye urefu wa mita 137 hivi. Humo zabibu zilikomazwa kwa meza ya Duke huku nje maji yakiganda. Msimu wa baridi matuta mengi huwa matupu.

Ziwa ni la kuchimbwa. Mto Poulter ulizuiwa kwa bwawa katika karne ya 18, na kazi ilichukua miaka 15 hivi kupata ziwa la ekari 87 lililopindapinda lifanane na mto wa asili. Njia inayolizunguka ni ya kama kilomita 6, nayo huvuka daraja la mawe lenye matao matatu, ambalo kingo zake ziliharibiwa vibaya mwaka 2018 baada ya gari lililoibwa kugongeshwa hapo na kuchomwa moto. Mafundi wa mawe wamelirudishia umbo lake.

Katika Vita Vikuu vya Pili misitu hii ilificha maghala ya risasi, na mwaka 1941 Winston Churchill alikuja kutazama majaribio ya mashine ya siri ya kuchimba mahandaki, yenye uzito wa zaidi ya tani 100. Mashine hiyo haikutumika vitani kamwe. Mwaka 1946 milki ilinunuliwa kwa michango ya wananchi na kukabidhiwa National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1895.

Kufika ni rahisi. Treni kutoka Sheffield, Lincoln na Nottingham husimama Worksop, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa baiskeli. Wenye magari hulipa langoni, isipokuwa wanachama wa shirika. Waendao kwa miguu na waendesha baiskeli huingia bure.