Muscat kwa mtu wa Kasenga

Jamaa zetu wa Lubumbashi wanaojiandaa kwenda Oman huuliza kwanza watasali wapi, kisha watasema lugha gani.

Kusali si tatizo. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili watu wako kazini, kwa hiyo Wakristo wengi wa Muscat hujaa kanisani Ijumaa. Mtaa wa Ruwi una makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yaliyojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos. Nendeni pia mkauone Msikiti Mkuu wake, uliofunguliwa 2001. Wasio Waislamu huingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke hujifunika kichwa. Waomani wengi ni Waibadhi: husali mikono ikiwa imeshushwa, wala hawaifungi kifuani.

Ramadhani iheshimuni. Kula au kunywa hadharani mchana, hata maji tu, ni kosa la kisheria kwa kila mtu. Maisha huhamia usiku.

Jambo lililonigusa zaidi ni ukarimu wa nyumbani. Mgeni hupewa tende na kahawa yenye iliki, katika kikombe kidogo kisicho na kishikio. Mwenyeji hushika birika kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa wa kulia, naye humimina kidogo kidogo. Ukimrudishia kikombe kimya kimya, atamimina tena. Ukishatosheka, kitikise kidogo mkononi, naye ataelewa.

Halafu, katikati ya kahawa hiyo, mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa anaanza kuzungumza Kiswahili! Sultani Said bin Sultan alikuwa amehamishia makao yake Zanzibar, na Waomani wakaishi Afrika vizazi kadhaa. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 wengi walikimbia. Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970, aliwaita warudi wajenge nchi. Walirudi pia wa Burundi, Rwanda na Kongo, baadhi yao wakijua Kifaransa. Mitaani wote huitwa Wazanzibari. Wazee hao waamkieni kwa shikamoo, ingawa kwetu tumezoea jambo.

Sisi wa Kasenga tuko ndani ya historia hiyohiyo. Mpelelezi Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, ng'ambo ya mto wetu Luapula, mwishoni mwa 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi. Msiri naye alitoka Unyamwezi akajenga dola yake Bunkeya, kwenye njia za shaba, pembe za ndovu na watumwa. Baadaye kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikusanya Lubumbashi wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Samaki wa Luapula, walionunuliwa na Wagiriki wa Kasenga, waliwalisha wafanyakazi hao. Ndiyo maana nyumbani tunasema Kibemba, lakini tukifika Lubumbashi tunasema Kiswahili.

Mkiulizwa mnatoka wapi, semeni Kasenga, kisha muulizeni mwenyeji babu zake waliishi wapi. Akitaja Kasongo au Nyangwe, vituo vya zamani vya misafara ya biashara, habari ya watumwa haiko mbali. Msiikwepe. Nafikiri mtu aliyekukaribisha kwa tende na kahawa anastahili kuulizwa kwa adabu, na sisi tunastahili kusikia jibu lake katika lugha ambayo misafara hiyo ilichangia kuifikisha kwetu.