Mnapigania asilimia, mnaiacha 580

Nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa Mbagala Rangi Tatu anayekaribia kustaafu: "Kama hela ni yangu, kwa nini wasinipe zote nijue mwenyewe?" Swali hilo nimeulizwa Tegeta, nimeulizwa Tandika, nimeulizwa hadi msibani. Leo nalijibu kwa hesabu.

Imani iliyoenea ni kwamba mfuko wa pensheni ni kibubu: unakatwa kila mwezi, siku ya kustaafu unakivunja, na asiyekukabidhi chote ni mwizi. Sivyo. Kwenye chama cha kuzikana cha mtaani kwenu, ukichanga miaka ishirini na kwako asife mtu, huendi kwa katibu kudai akurudishie. Pensheni nayo ni hivyo hivyo, ila hapa tunachangiana uzee. Anayefariki na miaka 64 anambeba atakayefika 90, na hakuna ajuaye yeye ni yupi.

Tuseme wastani wa mishahara bora ya mwalimu wetu ni Sh1,000,000 kwa mwezi, na amechangia miezi 360. Milioni 12 za mwaka zidisha kwa 360, gawa kwa 580 ya kikotoo: pensheni kamili ya mwaka ni Sh7,448,276. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni mkupuo wa Sh37.2 milioni. Asilimia 60 iliyobaki, ukigawa kwa 12, ni Sh372,414 kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Sasa kibubu kina nini? Yeye hukatwa asilimia 5, mwajiri huweka 15. Hata tukimpendelea, tukajifanya alilipwa milioni tangu siku ya kwanza, jumla ni Sh72 milioni. Toa mkupuo, kinachobaki kinaisha kabla hajatimiza miaka 68. Mtaniambia kuna faida ya uwekezaji. Ipo, ila mshahara wake wa kwanza nao haukuwa milioni, na mnalijua hilo. Akifika 85, atalipwa na kibubu gani?

Na hiyo dawa ya "nipeni zote nifungue biashara" nimeichoka. Aliyeshika chaki miaka 30 anapokea mamilioni, na kabla hayajapoa yamekuwa bajaji mbili na msingi wa nyumba Chanika. Bajaji itachoka kabla yake. Wenye haraka zaidi wawaulize waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI, pale Mabibo, kilichowapata 2009.

Ugomvi wa haki upo, ila mnaushika mkiani. Kwa kanuni za zamani za PSPF, mfuko wa awali wa watumishi wa umma, yaani 540, 15.5 na asilimia 50, mwalimu huyu angebeba Sh62 milioni, na maisha yake aliyapanga kwa hesabu hiyo. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, Rais Magufuli akazisitisha Desemba; Julai 2022 ikaja 33, na 2024 ikapanda hadi 40. Mkashangilia. Lakini asilimia huhamisha tu hela kutoka mwezi kwenda kwenye mkupuo: kupanda kutoka 33 hadi 40 kumempunguzia mwalimu zaidi ya Sh43,000 kila mwezi. Kilichomla ni 580 na 12.5, na hizo sijasikia mtu akiziandamania. Wala simsikii anayeuliza kwa nini mfuko huo wa PSPF uliwalipa watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 bila Serikali kuwachangia, deni ambalo mwaka wa fedha 2021/22 lilipozwa kwa hatifungani isiyo taslimu ya Sh2.17 trilioni. Au mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, uliokwama na michango ya NSSF ndani yake.

Mama ntilie na machinga, ambao ndio wengi Temeke, hawamo kabisa katika mjadala huu. Zanzibar tangu 2016 inamlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi kutoka hazina yake, awe alichangia au la. Bara hakuna.

Haya, la kufanya. Kagua michango yako leo kwa simu, usisubiri miaka 59. Mwezi uliorukwa, mbane mwajiri angali yupo. Hesabu kama umefikisha miezi 180, maana chini ya hapo hakuna pensheni ya mwezi. Aliyejiajiri ajiandikishe NSSF kwa hiari. Rekebisha majina yanayotofautiana kati ya cheti na kitambulisho cha NIDA. Usikope kwa dhamana ya mkupuo ambao hujaupokea. Ukishastaafu, usikwepe uhakiki, maana jina likikosekana malipo husitishwa.