Breki Ikikaza, Anza na Hewa

Wasee kibao hapa Kanairo saa hii wako na ndai yao ya kwanza. Kuna mwenye Vitz anapigia teksi ya apu, kuna wa Probox anabeba mzigo wa Gikomba, kuna dem wa mtaa amejinyima miaka ndio atoe Demio. Heshima kwenu wote. Lakini kuna hii siku unateremka, magari ya mbele yanasimama ghafla, unakanyaga breki unaskia pedali imekataa kushuka. Ndai inasimama, sawa, lakini mbele kabisa ya mahali ulitaka, na paja linauma. Maze, hiyo usiibebe hadi mwisho wa mwezi.

Venye hii ngori huendanga, unafika gereji unasema breki ni mbaya, fundi anachungulia gurudumu, anakushow pedi zimeisha. Unatoa ganji, unawekewa mpya, pedali bado ngumu. Pedi zikiisha hulia tu kwa disi, kelele unaiskia ukiwa ndani. Pedali ikizama laini hadi chini, hapo hewa imeingia kwa fluidi ama kuna mahali inavuja. Ngumu ni story ingine, na mara nyingi story yake ni busta.

Fungua boneti. Upande wa dere, nyuma kabisa karibu na kioo, kuna chuma ya duara, nyeusi, na masta silinda imefungwa mbele yake. Hiyo ndio busta. Ndani kuna mpira mpana umeigawanya mara mbili. Kuna paipu inatoka hapo hadi mahali injini inavutia hewa, so injini ikiwaka inanyonya hewa ya busta, inabaki vakyumu. Ukikanyaga, hewa ya nje inaingia nyuma ya ule mpira, na juu mbele hewa ya kuupinga ni kidogo, unasukumwa kwa nguvu na unasukuma pamoja na mguu wako. Nguvu kubwa ya kusimamisha ndai hutokanga hapo. Vakyumu ikipotea, unabaki wewe na goti lako.

Kuipima ni bure. Zima injini, kanyaga mara nne tano hadi pedali ikaze. Usitoe mguu, finyilia tu, alafu washa. Ikizama kidogo chini ya kiatu, busta inachapa kazi. Ikikaa tu vile ilikuwa, umeshajua pa kuanzia. Ya pili: acha injini iwake dakika moja mbili, zima, ngoja dakika tano, kanyaga. Ile ya kwanza inafaa kuwa laini, zinazofuata zinakaza polepole. Ikikaza kutoka ile ya kwanza, vakyumu ilihepa ukingoja.

Huhepea wapi? Anza na paipu, juu ndio bei rahisi na ndio watu husahau. Pitisha kidole upande wa chini, pale kwa kona na pale klipu imeuma, juu joto hukausha mpira hapo na ukipasuka, kwa juu huoni kitu. Ukibadilisha, kataa kuwekewa paipu ya maji. Ukuta wake ni mwembamba, ikinyonywa inajifunga na breki inarudi kukaza. Alafu kuna valvu ya njia moja, inakaa pale paipu inaingilia kwa busta ama katikati ya paipu yenyewe. Itoe, puliza. Kutoka upande wa busta pumzi ipite. Kutoka upande wa injini igome. Ikipita kote, tupa.

Ka ukikanyaga unaskia ssss isiyoisha karibu na miguu, na injini inaanza kutetemeka, ule mpira wa ndani umeraruka. Hapo ni Grogan kutafuta ya ex-Japan. Kabla utoe doo, chungulia mahali masta hukaa. Ukipata kumelowa fluidi, iwache hapo hapo kwa meza. Na ka yako ndio imelowa, masta inavuja kwa nyuma, na hiyo fluidi itamaliza hata busta mpya. Rekebisha zote mbili.

Wasee wa Hiace za dizeli, yenu iko tofauti. Dizeli hainyonyi hewa vile petroli hunyonya, so kuna pampu ya vakyumu, na kwa zile injini za kitambo ka 5L imefungwa nyuma ya olteneta. Belti ikikatika, taa ya betri inawaka na breki inaisha nguvu pamoja nayo. Ile taa ikiwaka ukiwa na abiria, tafuta pa kusimama mapema.

Sasa, kitu yenye hunisumbua sana ni kuzima injini kwa mteremko. Kuna madere huteremka Mai Mahiu hivyo ati wanaokoa mafuta. Busta hubakisha vakyumu ya kukanyaga mara moja mbili hivi, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na usukani nao unakuwa mzito, na mbele yako kuna kona na trela. Na hakuna mafuta unaokoa! Ndai za siku hizi ukitoa mguu kwa mafuta ikiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga petroli yenyewe. Teremka na gia ya chini, injini ikiwaka.

Na ikikukazia ukiwa mbio, usipampu, juu kila kukanyaga kunamaliza ile vakyumu imebaki. Kanyaga mara moja, finyilia na nguvu zako zote, hata miguu yote miwili, shusha gia, alafu vuta hendibreki polepole, usiinyakue magurudumu yakajifunga. Ukishasimama, weka hazadi, pigia brekidauni. Hiyo ndai isitoke hapo ikijiendesha.