Gari lipi la mizigo kwa barabara za masika?

Usharika au zahanati ikitaka gari la kubebea dawa, mbegu na saruji, swali la kwanza huwa bei. Tumejifunza kuanza na barabara. Tulinganishe magari mawili yaliyotumika: Toyota Hiace ya foo wili na Toyota Land Cruiser 78, ile ndefu.

Bei: Hiace ni nafuu kununua. Land Cruiser hushika bei hata ikizeeka. Kwa yote mawili, jumlisheni meli, bima, ushuru na usajili kabla ya kusema fedha zinatosha.

Uvutaji: Hiace ya toleo la 2004 na kuendelea husukumwa zaidi na magurudumu ya nyuma. Yakiteleza, kifaa chenye mafuta mazito hupeleka nguvu mbele, dereva hagusi kitu. Lakini haina gia nzito ya kupandia mlima wenye tope. Land Cruiser inayo, ila dereva aiondoe foo wili akifika lami kavu, la sivyo difu na shafti huumia.

Uchakavu: Hapa sisi tulikosea. Tulifunga tairi mbili mpya mbele ya Hiace, tukaacha kuukuu nyuma. Magurudumu yakazunguka kwa kasi tofauti, kifaa kile kikapata moto hadi kikafa, na mradi ukakosa gari masika yote. Tairi zote nne zilingane, zibadilishwe pamoja.

Kwa changarawe yenye utelezi wa hapa na pale, Hiace yatosha. Kwa mito na milima, ni heri kusubiri mpate Land Cruiser.