Daraja Mbili na Alama za Njia: Majina Wanayoyakumbuka Madereva wa Malori Kisii na Nyamira

Utangulizi

Elimu ya majina, ambayo wanaisimu huiita onomastiki, ni uwanja ambao sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuuingia kupitia majina ya wahusika wa riwaya na tamthilia. Majina ya mahali hatujayapa haki yake, na hasa yale yanayotumiwa barabarani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dereva wa lori la masafa marefu anavyozikumbuka alama na madaraja ya njia zinazopita Kisii na Nyamira. Hoja yetu ni kwamba jina la alama ya njia hubeba agizo: humjulisha dereva la kufanya, na wakati wa kulifanya.

Njia zenyewe

Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya vilima, mabonde na mvua nyingi. Barabara ya A1 hutoka upande wa Ahero, ikavuka Sondu, ikapita Oyugis na Nyakoe hadi Kisii. Kisha huendelea kupitia Suneka, Rongo na Migori hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Njia ya pili hupita Keumbu na Keroka kuelekea Sotik, Bomet na Narok. Ya tatu hupitia mji wa Nyamira na Kebirigo kuelekea Chemosit, katika kaunti ya Kericho. Malori yanayotoka huku hubeba ndizi, parachichi, chai iliyosindikwa viwandani na mawe ya sabuni yanayochongwa Tabaka.

Kwa nini daraja hukumbukwa?

Abiria akiulizwa ametoka wapi, hutaja mji. Dereva wa lori hutaja pia vilima, kona na madaraja yaliyo kati ya miji. Sababu yake ni ya kimaumbile. Daraja hujengwa penye maji, na maji hukaa bondeni. Kwa hiyo katika nchi ya vilima kila daraja lina mteremko kabla yake na mwinuko baada yake. Lori lililosheheni shehena haliwezi kutegemea breki pekee mteremko mzima, kwani breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Dereva hana budi kuingiza gia ya chini akiwa bado juu kilimani, ili injini yenyewe izuie mwendo. Akichelewa hadi katikati ya mteremko, gia inaweza kukataa kuingia, na hapo hasemi na mtu ila na Mola wake.

Ndiyo maana alama muhimu aghalabu huwa kabla ya daraja. Yaweza kuwa mti mkubwa, kanisa, kituo cha kununulia majani chai au duka lenye rangi isiyosahaulika. Kwa mpita njia mwingine vitu hivyo ni mandhari tu. Kwa dereva ni amri ya kubadilisha gia. Kumbukumbu yake basi imepangwa kwa matendo zaidi kuliko kwa kilomita, na utingo anayejifunza kazi huanza kwa kuikariri orodha hiyo ya matendo kabla hajashika usukani.

Aina tatu za majina

Majina haya yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la majina ya wenyeji, hasa ya mito. Mto Gucha huanzia katika vilima vya Nyamira, ukapita nchi ya Abagusii na kuingia Migori, ambako Wajaluo huuita Kuja. Dereva aendaye Isebania huuvuka kati ya Kisii na Migori. Maji ni yale yale, ila jina hubadilika kwa kufuata ulimi wa anayeishi ukingoni. Ndivyo ilivyo kwa mto Sondu, ambao kuelekea ziwani huitwa Miriu. Mtambo wa umeme uliojengwa juu yake ukabeba majina yote mawili, Sondu-Miriu. Dereva mzoefu huyajua yote mawili, kwa kuwa anapoomba msaada hujibiwa na mwenyeji wa pale alipo.

Kundi la pili ni la majina ya Kiswahili yaliyoota katikati ya lugha nyingine. Mfano ulio bora ni Daraja Mbili, soko kubwa la wazi la mji wa Kisii. Msomaji aliyefuzu sarufi atauliza: mbona si Madaraja Mawili? Ni kweli kwamba katika Kiswahili sanifu nomino hii imo katika ngeli ya LI-YA. Hata hivyo, Kiswahili cha sokoni na barabarani huzihamishia nomino nyingi katika ngeli ya I-ZI, na jina hili limeihifadhi sarufi hiyo ya mazungumzo. Kulisahihisha ni kufuta ushahidi. Tena maana yake imehama: anayelitaja jina hili leo hafikirii madaraja, bali ndizi, mboga na umati wa watu. Daraja limekuwa soko, nalo agizo limebadilika: punguza mwendo, hapa watu huvuka.

Kundi la tatu ni la majina yatokanayo na shughuli za barabara yenyewe. Hapa mifano mizuri iko nje ya Kisii, kwenye njia kuu wanazozifikia madereva hao hao. Maili Nne ya Eldoret imebaki Maili Nne ingawa Kenya hupima njia zake kwa kilomita. Kenol, katika kaunti ya Murang'a, ni mji ulioitwa kwa jina la kampuni ya mafuta. Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, husimuliwa kuwa umeitwa hivyo kwa sababu ya foleni ya malori yaliyosubiri zamu kwenye mizani.

Sauti za majina

Anayesafiri Kisii na Nyamira atasikia Kebirigo, Keroka na Kegati, kisha Getembe, Gesusu na Gesima. Tofauti ya ke- na ge- si ya bahati nasibu. Ni Kanuni ya Dahl: katika Ekegusii, k ya kiambishi hugeuka g iwapo silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti isiyo ghuna, kama vile t au s. Kiambishi chenyewe ni ndugu wa ki- katika Kiswahili. Kwa hiyo vibao vya kando ya barabara vinaweza kutufundisha fonolojia ya Kibantu bila ya kufungua kitabu.

Jina likipoteza agizo

Barabara inapopanuliwa, mti hukatwa, kilima huchongwa na daraja jembamba hubadilishwa. Hayo ni maendeleo, na hakuna dereva anayeyachukia. Lakini jina hubaki bila alama yake, na dereva mgeni aliyeambiwa "ukiuona ule mti" hauoni. Wakati mwingine jina hupata maana mpya kwa msiba. Sachangwan, karibu na Molo, ilikuwa kituo kama vituo vingine hadi tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipoanguka na kushika moto, watu zaidi ya 100 wakafariki. Tangu siku hiyo jina hilo limekuwa onyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya barabarani ni hazina ya lugha na pia chombo cha usalama. Ramani ya simu huonyesha jina na umbali. Haisemi gia iingizwe wapi. Maarifa hayo yamo vichwani mwa madereva, na wengi wao wanastaafu. Tunapendekeza kwamba mwanachama atakayerudi nyumbani likizoni achukue daftari, akae na dereva mmoja mzee, na kwa kila jina amwulize mambo manne: jina ni la lugha gani, lilitokana na nini, kitu hicho kingalipo au kimetoweka, na dereva anapofika hapo hufanya nini. Kuuliza si ujinga. Swali la nne lisisahauliwe, kwa maana jibu lake haliandikwi kwenye kibao chochote.